Damu Iliyoitwa Mikononi

Kengele ilipolia, bangili zote zilitetemeka kwa pamoja, na damu ikaitika.

Enesia aliisikia ikipita begani, ikateremka kwenye kiwiko, ikamwagika kiganjani kama uji wa moto kwenye kibuyu. Vidole vilivyokuwa vyeupe kama viazi vilivyomenywa vikapata rangi, kucha zikang'aa. Alivikunja, akavikunjua. Vilikuwa tayari. Ndani ya Ghala, ambako pumzi ilitoka mdomoni ikaganda kwenye nyusi za mwenye nayo, wanawake wa Ikondwe walisimama safu moja mbele ya meza ndefu, mikono mitupu, wakichambua vichipukizi.

Glavu hazikuruhusiwa. Kichipukizi cha muhogo kilicholazwa kwenye baridi ile kilikuwa laini kama unyoya wa kifaranga. Ukikigusa kwa kitambaa kinavunjika, ukikigusa kwa chuma kinavunjika zaidi. Kampuni ya Hazina ilikwishajaribu mashine za kila namna, na kila mashine ilivunja. Kidole cha mtu peke yake ndicho kilichojua kipi kizima, kipi kimekufa. Na huko chini, tangu jua lilipoila pwani na nyika zake, hakuna shamba lililoweza kutunza mbegu yake lenyewe mpaka msimu wa pili. Nchi nzima ilikula kutoka tumboni mwa mlima huu. Hayo waliambiwa kila asubuhi kwenye kipaza sauti, wajione wakubwa.

Lakini kidole kilichokufa ganzi hakijui lolote. Ndiyo maana zikaja bangili. Kila mwanamke alivishwa yake, nyeupe kama maziwa, na ndani yake dawa ya kupanua mishipa. Tone likiingia, mishipa ya mkono inalegea, njia inakuwa pana, damu inapita. Siku ya kwanza kuvishwa walicheka mpaka machozi. Shangazi Skola, dada wa marehemu baba yake Enesia, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alisema hata siku ya harusi yake hakushikwa mkono ukapata moto namna ile.

Miguu haikuitwa. Ndani ya mabuti, juu ya sakafu ya barafu, miguu ya safu nzima ilikaa kimya kama watoto wa kambo.

Ni katika kupokezana trei ndipo Enesia aliposikia mlio. Tak. Kisha kimya cha hatua moja. Tak. Mama yake, aliyefanya kazi ubavuni pake, alikuwa akienda mwisho wa meza na kurudi, na kila alipokanyaga kwa mguu wa kulia, chuma kiligonga barafu. Enesia akainama kama anayeokota kichipukizi. Msumari wa kreti ulikuwa umezama kwenye soli ya buti la mama yake hadi kichwani.

"Mama, simama."

"Nini tena? Trei inasubiri."

"Una msumari mguuni."

Mama yake akatazama chini kama anayetazama mguu wa jirani. "Aa," akasema. "Hata sijausikia."

Walikwenda nyuma ya marundo ya kreti. Enesia akavuta buti, akavuta soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msumari ukabaki mkononi mwake pamoja na buti. Kwenye unyayo palikuwa na tundu, na tundu lile halikutoa hata tone la damu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi, vimenyauka, kama viazi vilivyopigwa na baridi shambani kabla ya kuvunwa. Weusi ulishaanza kupanda.

"Tangu lini, mama?"

"Rudisha soksi."

"Mama, tangu lini?"

"Nimesema rudisha soksi." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na Enesia alikuwa akiiogopa zaidi ikishuka. "Hukuona kitu. Apa."

"Mama..."

"Apa kwa ziwa ulilonyonya."

Enesia akaapa. Mikono yake ilikuwa na moto, na mguu aliokuwa ameushika ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Wakati anaurudisha kwenye buti, alijiuliza moto ule umetoka wapi.

*

Daktari Farijala alipanda mlimani kila mwisho wa mwezi kwa gari la Hazina, amejifunga makoti mawili, na kulala katika chumba cha nyuma cha zahanati ya Kampuni. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye kuinamisha kichwa anaposalimia wazee. Wanawake walimpenda. Alikuwa amejifunza kusalimia "Kamwene" kama wao, na alipoitamka vibaya walimcheka, naye alicheka pamoja nao.

Enesia alimkuta mchana ule anapanga vyombo vya kupimia miguu kesho.

"Kamwene, daktari."

"Kamwene, dada Enesia. Karibu. Bangili inakusumbua? Kichwa kinauma? Ukisimama ghafla kizunguzungu?"

"Kidogo. Sikujia hilo." Alibaki amesimama. "Nimekuja kuomba vikuku. Nasikia vipo."

Farijala akaacha kupanga. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akainama na kuvuta kutoka chini ya meza sanduku la chuma lenye taa ndogo nyekundu. "Viko humu," akasema. "Vilikuja siku moja na bangili. Vya miguu. Dawa ile ile."

"Mbona hatuvivai?"

"Kwa sababu miguu yenu ni mizima." Alisema kwa furaha, kama anayempa mtu habari njema. "Napima mwenyewe kila mwezi. Miguu ya wanawake wa Ikondwe ina joto kuliko ya walinzi wa getini wanaokaa juani. Sijui ni damu gani mnayo nyinyi."

Enesia akanyamaza. Alikuwa na tabia ya kunyamaza watu wakadhani hajaelewa, kumbe anatazama. Safari hii aliona ndani ya kichwa chake baraza la zahanati asubuhi ya kupimwa: masufuria mekoni, mabeseni yamepangwa, mvuke. Ikondwe mguu haupelekwi mbele ya mgeni jinsi ulivyo. Kitu atakachokishika mgeni huoshwa, hupashwa, hupakwa mafuta. Ndivyo walivyofanyiwa wakwe, ndivyo walivyofanyiwa wachungaji, na daktari alipoanza kuja, hakuna aliyeuliza mara mbili. Kumpa mgeni mguu wa baridi kulikuwa sawa na kumwekea kiporo mezani. Kwa hiyo kila mwezi wanawake walikaa na miguu kwenye maji ya moto mpaka ikaiva, wakaifuta, wakaipaka mafuta, na ndipo wakaitoa.

"Daktari," akasema polepole, "asubuhi za kutupima, huwa unauona mvuke?"

"Mvuke gani?"

"Wa maji. Tunayolowekea miguu kabla hujaishika."

Farijala akavua miwani. Aliifuta kwa ncha ya koti muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Nauona," akasema.

"Ukasemaje moyoni?"

"Nilisema hawa watu wasafi. Nikawasifu. Unakumbuka niliwasifu."

"Nakumbuka. Mama alifurahi wiki nzima."

"Mimi naandika kinachosema kipimo, dada. Mvuke haupimwi."

Basi hapo ndipo hasira ilipoanza kwa Enesia, wala haikuanza kwa kishindo. Ilianza kama jino linapoanza kuuma. Mtu huyu alikuwa na macho. Alikuwa amesoma mpaka ng'ambo. Ameingia kwenye baraza lililojaa mvuke, akavuka mabeseni, akashika mguu uliotoka majini sasa hivi, akashangaa una joto.

"Mama mmoja ana msumari," akasema, na akajing'ata ulimi. Alikuwa ameapa. "Nasema kama. Kama mtu akikanyaga msumari asiusikie, ni nini hicho?"

Farijala alimtazama. Akakaa kitini. "Ni wizi," akasema kwa sauti ya chini.

"Wizi?"

"Ndivyo tunavyouita. Mwili hauna damu ya akiba iliyowekwa kando. Tukipanua njia za mikononi, damu ya kujaza huko lazima itoke mahali. Kwa mwenye miguu mizima si neno, mishipa yake nayo itajitanua kidogo, maisha yataendelea. Lakini mguu uliokwisha kubanwa na baridi miaka mingi, njia zake zimeshajitanua mpaka mwisho wa uwezo wake. Hauna pa kuongeza. Ukifungua mlango mpana mikononi, damu inakimbilia kwenye wepesi, mguu unabaki unatazama. Ndiyo maana vikuku vililetwa. Dawa hii haikutakiwa kufika mkononi peke yake."

"Kwa hiyo mnajua. Na mwizi naye anajulikana?"

Daktari akavaa miwani.

"Kesho tukipima," akasema badala yake, "na mguu ukisoma joto kama kawaida, Hazina itapandisha mwito wa mikono, dozi ya bangili, hadi ngazi ya juu. Msimu wa kupanda umekaribia, wanataka kazi iharakishwe. Mitambo inapandisha yenyewe, mimi sina nguvu hapo. Ukisoma baridi, mwito unasimama na sanduku hili linafunguka."

"Unalifungua wewe?"

"Linafunguliwa na kipimo." Akagusa taa nyekundu. "Na siyo baridi ya hivi hivi. Mguu uliopoa tu watasema ni hali ya hewa. Wanataka kidonda, mguu ambao hakuna awezaye kuubishia. Mmoja unatosha kwa safu nzima." Kisha, bila kumtazama machoni: "Unaye mtu wa namna hiyo?"

Enesia aliaga akatoka.

*

Mama yake alikuwa jikoni anamenya viazi, mguu umefichwa chini ya blanketi ingawa walikuwa wawili tu. Jua lilikuwa bado halijazama. Enesia akachukua kisu cha pili, akakaa, akamenya. Alisubiri mpaka kiazi cha tatu.

"Nimetoka kwa daktari."

Kisu cha mama yake kikasimama.

"Sikukutaja."

Kisu kikaendelea.

Akamweleza yote: wizi, sanduku, mwito wa kesho, mguu mmoja unaotosha. Mama yake alisikiliza bila kuinua uso, ganda la kiazi likiteremka refu bila kukatika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bibi yako, aliyenizaa mimi, alikufa kwa mguu. Hukumkuta. Siku ya maziko watu walibeba jeneza wameziba pua kwa kanga. Mchungaji aliruka mistari ili amalize upesi. Mimi nilikuwa binti, nilisimama pale nikawaona wote, mmoja mmoja. Nikasema mimi sitazikwa hivyo." Akatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Nikikaa kesho kwenye kile kigoda nikavua soksi, nitakuwa nimeshazikwa. Nitapita kisimani, watoto wataziba pua hata kama hakuna harufu."

"Na wakipandisha mwito, mama? Shangazi Skola je? Binti yake je, ambaye ndiyo kwanza ameingia?"

"Skola ana mdomo, ajisemee."

"Na mimi?"

Hapo mama yake alimtazama. Lilikuwa jicho la mtu aliyelemewa.

"Sikiliza, Enesia. Hazina imechukua mikono yangu. Inaiwasha inapotaka, inaizima inapotaka. Nikiwa nimelala usingizi, kengele ya majaribio ikilia, mikono yangu inaamka kabla yangu. Kitu kilichobaki changu ni huu mguu. Umeoza, lakini ni wangu. Sasa na wewe, mwanangu, unataka kuuchukua uupeleke barazani?"

Mama yake alikuwa amesema kweli. Na Skola alikuwa na miguu miwili, na binti yake miwili, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Wakamaliza kumenya. Wakala, na viazi vilikuwa na chumvi nyingi.

*

Asubuhi baraza lilijaa mvuke.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, vitenge vimepandishwa magotini, mabeseni matupu mbele yao, wakisubiri sufuria kubwa ichemke. Shangazi Skola alikuwa ameshika kata na zamu ya kugawa.

"Leo nawachemsha kama kuku wa Krismasi," alisema. "Mama Enesia, wewe wa kwanza, una heshima zako. Mbona soksi hazivuliwi? Umeficha mahari humo?"

Watu wakacheka. Mama Enesia naye alicheka, mbele ya meno tu. Farijala alikuwa amesimama mlangoni na kipimajoto chake mkononi, anatazama mvuke. Safari hii aliutazama sana.

Enesia alikuwa karibu na meko. Alimwona mama yake akisogeza beseni, akiinama ili aingize mguu humo pamoja na soksi, kama aliyekuwa amefanya hivyo, na kupimwa kisigino juu ya soksi, miezi mingi bila mtu kuuliza. Skola akainua kata.

Enesia akashika sufuria kwa ncha za kanga, akaipindua. Maji yalimwagika kwenye udongo wa uwanja, yakatoa moshi, yakaingia ardhini.

Kelele zilizozuka!

"Una wazimu?"

"Kuni za watu hizo!"

"Mgeni amesimama pale, mtoto huna adabu? Tumpe nini sasa, tumpe miguu ya maiti?"

"Hiyo hiyo," Enesia akasema. "Mpeni hiyo hiyo mliyo nayo. Kila mwezi tunaichemsha miguu yetu, kipimo kinasema mizima, na vikuku vinakaa sandukuni. Tunajiua kwa adabu. Kila kengele ikilia damu inatoka miguuni kwenda kuwachambulia watu wa chini mihogo. Daktari anajua. Muulizeni kama hajui."

Macho yote yakamgeukia Farijala. Akainamisha kichwa, vile vile alivyowainamishia siku zote anapowasalimia.

"Miguu yetu imepoa tu," binti wa Skola akasema kwa woga. "Nani hajapoa huku?"

Enesia alijua neno linalofuata. Alijua pia kwamba likishatoka halitarudi, kwamba mama yake yupo pale, anamtazama, na midomo yake inatengeneza neno moja bila sauti: apa, apa, uliapa.

"Mama yangu mguu umekufa," akasema. "Vidole vimekuwa vyeusi. Amekanyaga msumari hakuusikia."

Vichwa vikageukia soksi za Mama Enesia.

Mama yake hakulia wala hakumpiga. Alisema taratibu, kila mtu akasikia: "Umenivua nguo mbele za watu." Halafu, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuficha, alichechemea hadi kwenye kigoda cha kupimia, akakaa, akaanza kuvua soksi mwenyewe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaweka mguu mbele, akainua uso, akatazama watu mmoja mmoja, akisubiri nani atakuwa wa kwanza kuziba pua.

Hakuna aliyeziba. Shangazi Skola aliweka kata chini. Alikaa kwenye udongo ulioloa, mzima mzima na kitenge chake, akavuta soksi yake. Kidole gumba chake kilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Tangu masika," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu, wifi."

Kisha mwingine akavua. Na mwingine. Miguu ambayo miaka yote ilitoka kwenye maji ya moto ikiwa myekundu inang'aa mafuta, sasa ilitoka jinsi ilivyo: ya kijivu, yenye mabaka, yenye nyufa zisizotoa damu, mmoja umefungwa kitambaa kilichogandia. Walitazamana wakaona aibu, kisha aibu ikageuka ikawa kitu kingine. Mtu aliyekuwa karibu angesikia meno yakisagana.

Farijala alipiga magoti mbele ya kigoda. Akagusisha kipimajoto kwenye kisigino cha Mama Enesia. Kifaa kikawaza, kikatoa sauti ya kike, tamu, ya kubembeleza:

"Hakuna mtu. Tafadhali weka mguu."

"Mwambie umewekwa," Skola akasema.

Akajaribu kwenye kifundo. "Hakuna mtu. Tafadhali weka mguu." Akajaribu wa Skola. Hakuna mtu. Akamwendea mwenye kitambaa. Hakuna mtu. Taa ya sanduku, nyuma yake mezani, ilibaki nyekundu.

"Kina nini?" Enesia akauliza.

"Sijawahi kukipimia mguu wa hivi," daktari akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Kimetengenezwa kisome mwili. Chini ya joto fulani kinahesabu kwamba kimegusa kitu. Sakafu, au..."

"Au kigoda," Mama Enesia akamalizia. "Kinadhani mimi ni kigoda."

"Labda tukiupasha kidogo. Siyo sana. Ufike tu kwenye kiwango cha mtu, ndipo kitasoma."

"Ngoja, daktari, nielewe, mimi kichwa changu kizito," Skola akasema. Hakuwa anatania, na kwa Skola hilo lilikuwa jambo la kutisha. "Nisipoupasha, mimi si mtu. Nikiupasha, mimi mtu, lakini sina ugonjwa. Sasa huyo mgonjwa wako ambaye vikuku vililetwa kwa ajili yake, anaishi wapi?"

Farijala alikigeuza kipimajoto, akakitazama kioo chake.

Kengele ya Ghala ikalia. Milango mikubwa ya mlimani ikaachana, baridi ikamiminika mteremkoni kama maziwa yaliyofurika sufuria. Bangili zikatetemeka, na mikono yote barazani, mikono ya watu ambao hawapo, ikapata moto.

Wengine walishaanza kuinuka kwa mazoea.

"Andika," Mama Enesia akasema.

"Niandike nini, mama?"

"Kama kilivyosema. Hakuna mtu."

"Mama yangu, nikiandika hivyo, kwa Hazina itakuwa kama hamkuja leo."

"Basi hatukuja. Na ambaye hakuja haendi kuchambua mihogo." Akawageukia wenzake. "Kaeni chini. Mnakwenda wapi, vigoda?"

Wakakaa. Aliyekuwa amesimama akakaa. Binti wa Skola, ambaye alikuwa ameshafika ngazini, alirudi akakaa kando ya mama yake.

Kengele ikalia mara ya pili, na kwa kuwa safu haikutokea, mwito ukapandishwa. Wote waliujua kwa uchungu wake. Mikono iliwaka, mishipa ikasimama viganjani kama kamba, nyuso zikapata wekundu, na mama mmoja akashika kichwa akasema dunia inazunguka, wakamlaza. Moto mwingi kiasi kile, na hakuna kichipukizi cha kuugusia. Skola alitazama viganja vyake vilivyokuwa vinafuka. Kisha akanyoosha mikono, akaushika mguu wa wifi yake, ule mweusi, kwa upole, akaukumbatia kati ya viganja viwili na kuushikilia.

Hakuna aliyetoa amri. Mmoja alishika mguu wa jirani, jirani akashika wa mwenzake, mpaka baraza zima likawa limeshikana hivyo.

Redio ya mkononi ya Farijala ikakoroma. Ilikuwa sauti ya msimamizi. "Daktari, hapa meza tupu. Watu wako wapi?"

Farijala alitazama kipimajoto. Alitazama miguu. Alibonyeza kitufe.

"Kipimo kinasema hakuna mtu," akajibu.

"Unasema nini? Daktari? Rudia."

Akarudia neno kwa neno, akazima.

Enesia alikuwa bado amesimama penye meko, peke yake, mikono yake imewaka na haina pa kwenda. Alimsogelea mama yake. Alipiga magoti upande wa pili wa ule mguu, mkabala na Skola, na akanyoosha viganja.

Mama yake aliurudisha mguu nyuma kidogo, kiasi cha upana wa kidole.

"Wewe," akasema, "bado."

Enesia akarudisha viganja. Hakuomba radhi, maana hakujutia, na mama yake angejua. Akageuka kwa aliyekuwa karibu, yule mwenye kitambaa kilichogandia, akaupokea mguu wake mapajani. Kengele ikalia mara ya tatu.